Nilienda dukani Sydney kununua kamera, mzee wa Kikongo akaigeuza posa

Wakuu, heshima kwenu wote, mlioko nyumbani na mlioko kwenye baridi kama mimi.

Humu nimekuwa msomaji tu, nacheka kimya kimya kwenye treni na nyuzi za wenzangu. Leo na mimi nimwage yangu. Sijaongeza chumvi. Mkiona imezidi, mjue siku yenyewe ilizidi hivyo hivyo.

Niko Sydney, naishi Quakers Hill. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, wikiendi napiga picha kwenye shughuli za watu wetu. Ubatizo, send-off, harusi, na kuna wanaotaka picha hata za kikao cha harusi.

Kamera yangu ya zamani ilikufa kifo cha aibu. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya chakula kwenye sherehe ya Wakenya, mkanda ukakatika, ikazama kwenye sufuria ya supu ya mbuzi. Waliitoa kwa upawa. Na kuna mtu aliendelea kujipakulia, wala hakushtuka.

Sasa Jumamosi iliyokuwa inafuata nina harusi. Harusi yangu ya kwanza kupewa na Wakongo, ya binti wa Papa Byamungu wa Cabramatta. Hawa watu wakikupenda wamekupenda wote, wakikukataa hivyo hivyo. Nikiharibu hapo nimeharibu kila mahali mpaka Campbelltown.

Mimi ni mtu wa online. Nikaitafuta kamera niliyoitaka, nikaiona, bei iko chini ya madukani, wanasema itafika kabla ya Jumamosi. Nikaiweka kwenye kikapu. Kabla sijalipia nikampigia Papa Byamungu kumtoa wasiwasi.

"Umeishika?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana Papa, nanunua mtandaoni, wanakuletea mpaka mlangoni.

"Bon. Kamera wewe haujaishika, njo ipige mutoto yangu? Hapana. Kesho tunaenda kuiona kwabo. Kama unakataa, nitatafuta mwengine." (Hiyo "njo" yao ni "ndiyo" yetu.)

Hapa nisimame kidogo niwaeleze huyu mzee ni nani.

Papa Byamungu ndiye msemaji wa posa wa Wakongo wa huku kwetu. Kijana akitaka kuoa, anamchukua yeye akaongee. Anajua kusifu, anajua kununa, anajua kunyanyuka kama anataka kuondoka. Lakini binti yake mwenyewe alipoposwa, kwa mila zao baba wa binti anakaa kimya, wanaongea ndugu zake. Basi mzee akakaa kwenye sofa lake mwenyewe, anamsikiliza mdogo wake anavuruga mazungumzo, na mdomo haruhusiwi kuufungua.

Yale maneno yote yalimkaa kifuani. Mimi wala sikuliwaza hilo.

Kesho yake nafika dukani, mjini, nimevaa zangu kaptula. Papa Byamungu huyu hapa, suti nyeusi, kofia, viatu vinang'aa. Pembeni dada yake, Mama Neema, kitenge juu mpaka chini, amebeba katoni ya soda.

Nikauliza, Mama, soda za nini?

"Mutu hawezi kuenda ku watu mikono mitupu."

Nilitamani ardhi ipasuke, wakuu.

Muuzaji alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, kwenye beji imeandikwa Michelle. Akatusalimia vizuri, akauliza tunahitaji nini. Kabla sijafungua mdomo, Papa Byamungu akavua kofia.

"Mama, tulikuya na heshima. Tulipita inje ya nyumba yenu, tukaona mule ndani muko na mutoto muzuri. Hatukulala."

Michelle akaniangalia mimi. Nikamtajia jina la kamera, nikamwambia, "He's asking if you have it in stock."

Alikuwa nayo, ya display, iko kwenye kaunta imefungwa waya. Mama Neema akaizunguka, akaiangalia juu na chini, akasonya. Akasema hiyo kila mpita njia ameshaishika, na wao wanataka iliyotulia nyumbani. Nikatafsiri kwamba tunaomba mpya. Michelle akaenda stoo akaleta boksi lililofungwa.

Papa Byamungu akauliza ilizaliwa wapi. Japani, lakini imeunganishwa Thailand. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia ukoo unaoeleweka. Akauliza ikiugua tutaipeleka kwa nani. Michelle akasema ina warranty, tuirudishe hapo hapo dukani.

"Unaona?" mzee akanigeukia. "Ile ya telefone ingeugua, ungeipeleka ku nani?"

Na mimi nikaona hapo hapo niingize akili zangu. Mnaoishi huku mnajua, ukiwaonyesha bei ya mtandaoni, maduka mengi wanakubali price match, wanashusha yao ilingane. Nikatoa simu, nikamwonyesha Michelle ile kamera kwenye kikapu changu na bei yake.

Papa Byamungu akaipokonya simu, akaiingiza kwenye mfuko wa koti lake.

"Wewe mutoto uko na adabu kweli? Tunaposa huku, wewe unaonyesha wazazi foto ya binti ya jirani?"

Mama Neema akamwomba Michelle msamaha kwa niaba yangu. Akanitambulisha kuwa mimi bado mdogo na nimelelewa mbali na wakubwa. Nina miaka thelathini na nane, wakuu. Nikaambiwa nikae kwenye kile kiti cha wateja wanaopigwa picha za pasipoti. Nikakaa.

Kuanzia hapo sikutafsiri kitu. Mzee na Michelle wakaelewana kwa Kiingereza cha kuunga unga na mikono. Mzee ananyanyuka kuondoka, Michelle anaongeza betri. Mzee anarudi, anasifu duka, Michelle anaongeza begi. Bei yenyewe haikuguswa hata kidogo, maana Mama Neema alisema kupunguza bei ya binti ni kumdharau. Nilikuwa nalipa mimi, lakini nani aniulize.

Basi nikadhani tumemaliza. Papa Byamungu akaweka mkono juu ya boksi.

"Mwambie aifungue. Nione filimu inaingia wapi."

Nikasimama, nikamweleza kwamba siku hizi hakuna filimu, ni kadi. Akawa kama hanisikii. Akaanza kuongea polepole, na hapo nikajua posa imekwisha, hiki ni kitu kingine.

"Siku ya ndoa yangu, kule Uvira, tulilipa mupiga foto. Alipiga kutoka asubuhi. Flash, flash. Bibi yangu alikuwa anacheka, anageuza kichwa hivi, anageuza hivi. Tukaenda kuchukua mafoto, ule mupiga foto hatukumuona tena. Watu njo wakatuambia, ile kamera haikukuwa na filimu. Na ule bibi, alikufia ku kambi ya wakimbizi. Sina foto yake hata moya."

Mama Neema akaangalia chini. Mimi, mpiga picha mzima niliyekuja na simu yangu na bei zangu, ikabidi nimtafsirie Michelle, kwa kifupi.

Michelle akafungua boksi, akaweka betri, akaweka kadi mbele ya macho ya mzee, akapiga picha. Picha ya Papa Byamungu, kofia mkononi, uso wa kesi. Akaenda nayo kwenye mashine yao ya kuchapisha, akarudi nayo, bado ina joto.

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Tumekubali," akasema. Mama Neema akafungua soda, tukanywa pale pale kaunta, na Michelle naye. Nikalipa.

Jumamosi ikafika. Kamera haikunisumbua, ila mzee alinimaliza. Kila nikipiga, yuko njiani anakuja. "Leta nione." Kanisani, yuko njiani. Keki inakatwa, yuko njiani. Wanavishana pete, mzee anakatiza katikati na mkono ameunyoosha kuelekea kwangu, aone kama imeingia.

Usiku ule nafungua picha kwenye kompyuta, nikashika kichwa. Karibu kila moja ina baba wa bibi harusi, anatembea kuja kwenye kamera.

Kesho yake nikampigia binti kumwomba radhi. Anaitwa Esther, amekulia hapa hapa Sydney, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Nikamwambia asijali, nina programu, namfuta baba yake kwenye zote na hakuna atakayejua.

"Don't touch him, Uncle," akasema, kisha akageukia Kiswahili. "Nataka zote, na yeye ndani."

Nikazichapisha zote.

Nilichojifunza wakuu: kwa kebo, betri na memori kadi, endeleeni kuagiza mtandaoni, nafuu ipo. Kamera yenyewe nenda ukaishike kwanza. Na ukienda na mkubwa, simu iache nyumbani.

Kuna mwingine aliwahi kwenda dukani na wazee wake? Au ni mimi tu niliyekalishwa kiti cha pasipoti? Semeni hapo chini, nitapita kusoma nikitoka shift.