Rangi ya Kijani Usoni mwa Tata

Tata, baba yetu, alifariki mwanzoni mwa masika ya mwaka jana. Familia ikakubaliana kwamba mwaka ukitimia tutafanya ibada ya shukrani nyumbani Maruku, kisha watu wakae sebuleni waangalie video yake. Kazi ya video nikapewa mimi. Nafundisha kemia hapa Bukoba, sina studio wala cheti, lakini katika ukoo wetu ukishatengeneza video moja ya kipaimara ikapendeza, basi wewe ndiye fundi wa siku zote.

Picha zenyewe hazikuwa zangu. Mdogo wangu wa kiume ni tabibu katika zahanati kisiwani Bumbire, na kila alipopata likizo alikuwa akimrekodi Tata kwa simu. Vilikuwa vipande vingi visivyo na mpango wowote: Tata akianika kahawa uani, Tata akikata majani makavu ya migomba, Tata akibishana na mtangazaji wa redio. Nilivipanga kwenye kompyuta yangu nyumbani, mtaa wa Bilele, kwa muda wa miezi miwili, kila Jumamosi baada ya kufua. Kazi ilipokaribia kwisha, programu ya kuhariri video ikaniuliza kama nataka toleo jipya. Nikakubali, kama mtu anavyokubali chai huku mawazo yake yako kwingine.

Ilipofunguka tena, kila kitu kilionekana kiko mahali pake. Vipande vilikuwepo, nyimbo za kwaya zilikuwepo. Nikabonyeza kitufe cha kuiunganisha video nzima iwe faili moja, kazi ambayo vijana wa studio huiita kurenda, nikaenda kupika. Niliporudi nikaketi kuangalia. Dakika ya saba, Tata akiwa ameshika ungo wa kahawa, uso wake ukageuka kijani, rangi ya jani changa la mgomba, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Ukakaa hivyo kwa kama sekunde mbili, ukarudi kawaida. Dakika ya tisa, tena. Dakika ya kumi na nne alikatwa na mistari ya kijani mpaka sikumwona kabisa.

Nilizima kompyuta. Mtu mwingine angecheka. Mimi niliingia chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu mara ya mwisho kuona rangi ya uso wa Tata ikibadilika ilikuwa hospitalini.

Kesho yake nilijaribu kurudisha toleo la zamani, likakataa kufungua kazi iliyokwisha kuhifadhiwa na toleo jipya. Ikawa hakuna njia ila kutafuta kasoro na kuiondoa. Nikachukua daftari la mazoezi, nikafanya ninavyowafundisha wanafunzi maabara: badilisha kitu kimoja tu, angalia, andika. Jaribio la kwanza, kufuta faili za muda ambazo programu hujiwekea. Kijani kikabaki. Jaribio la pili, kuondoa mabadiliko yote ya rangi niliyokuwa nimeweka. Kikabaki. Jaribio la tatu, kusasisha programu ya kadi ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Kikahama kutoka dakika ya saba kwenda ya sita. Katika jaribio la nne, baada ya kusoma maswali ya watu wa nchi za mbali waliopatwa na jambo lilelile, niliizuia programu isisaidiwe na kadi ya picha wakati wa kurenda. Kazi iliyokuwa ikichukua robo saa sasa ilichukua saa mbili na nusu, lakini uso wa Tata ukatoka mzima, wenye rangi yake ya udongo.

Wiki hiyo Mawe, yaani mama yetu, alikuja mjini kupimwa presha akafikia kwangu. Mawe ana miaka sabini na minane, na masikio yake yalianza kupoteza usikivu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kifaa cha kusikia alikikataa, anasema kinampigia filimbi kichwani. Sisi watoto tulizoea kumwinamia na kumpigia kelele sikioni, naye alitujibu kwa kukisia. Ukimuuliza kama amekula, huenda akakwambia mvua haijanyesha tangu Jumanne.

Nilifurahi kumwonyesha video isiyo na kijani. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, mimi nikakaa pembeni yake. Tata alipoanza kumkosoa mtangazaji wa redio, nilicheka. Mawe aligeuka akanitazama usoni, akarudi kwenye kioo, akanitazama tena.

"Anasema nini huyu?" akaniuliza kwa Kihaya.

"Ni Tata, Mawe," nikapaza sauti.

"Najua ni Tata. Mdomo wake sasa hivi unasema habari za mbolea. Wewe unacheka habari ya redio ambayo ameshaimaliza. Unacheka kwa kuchelewa."

Nilirudisha nyuma, nikatazama midomo badala ya kusikiliza. Alikuwa sahihi. Sauti ilikuwa ikiachwa nyuma kidogo kidogo, na kadiri video ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuchelewa. Mimi mwenye masikio mawili sikuwa nimeliona hilo. Mama asiyesikia ndiye aliyegundua, kwa kutazama uso wangu na uso wa marehemu mumewe.

Ile ikawa kazi ya siku tatu. Nilikuja kuelewa kwamba simu hairekodi kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza idadi ya picha inazochukua kila sekunde, kisha inaongeza tena. Toleo la zamani lilikuwa likisawazisha lenyewe kimya kimya, toleo jipya halikufanya hivyo. Dawa ilikuwa kuchukua kila kipande, kukibadilisha kiwe na mwendo mmoja kwa programu nyingine, kisha kukirudisha mahali pake. Vilikuwa vipande thelathini na kitu. Mawe alikaa nami kila asubuhi akichambua maharage kwenye ungo. Nikimaliza kipande namwonyesha. Yeye hutazama midomo, kisha hutazama kama nimecheka au nimehuzunika.

"Hapo umecheka kwa wakati," anasema, na tunaendelea na kingine.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa na mama yangu asubuhi tatu mfululizo tukifanya kazi moja. Hatukuzungumza sana. Alikuwa akinigusa mkono anapotaka nisimamishe picha, na mara nyingine alinigusa ili nisimamishe tu, si kwamba kuna kosa. Anamtazama, anaridhika, ananigusa tena niendelee.

Kikabaki kipande kimoja. Tata ameketi kwenye benchi la nyuma ya nyumba, mvua inapiga mabati. Anatazama pembeni ya kamera, midomo yake inasema jambo, anainuka, anatoka nje ya picha. Zamani nilikuwa nimekifunika kipande hicho kwa wimbo wa kwaya na kukikata anapoinuka. Sasa, nilipokirudisha upya bila wimbo, nilisikia sauti halisi ya kipande kwa mara ya kwanza: mvua tupu. Tata anaongea na hasikiki hata neno moja.

Nikajua ni kosa lingine la toleo jipya. Lilikuja na kifaa cha kupunguza kelele ambacho hujiwasha chenyewe, na nilikuwa nimesoma kwamba wakati mwingine hukosea na kufuta maneno ya watu pamoja na kelele. Nikakizima. Mvua ikanguruma zaidi, neno halikuja. Nikakifungua kipande kwa toleo la zamani kwenye kompyuta ya shuleni, hali ikawa ileile. Nikampigia mdogo wangu Bumbire.

"Labda uliponitumia kwa mtandao kilipungua ubora," nilimwambia. "Nahitaji chenyewe, kama kilivyo kwenye simu."

"Ile simu bado ninayo, dada. Kioo kimepasuka lakini inawaka. Nilikuwa nivuke Alhamisi kwa ajili ya ibada, basi nitavuka Jumatano."

Alivuka na boti ya asubuhi hadi upande wa Muleba, akapanda basi, akaingia kwangu saa nane mchana akinuka dagaa. Hatukungoja hata chakula. Tulichomeka spika za masikioni, moja kwake, moja kwangu, tukakisikiliza kipande kutoka kwenye simu yenyewe. Mvua. Kuku. Kwa mbali kitu kama chuma kinachotetemeka. Tukapandisha sauti mpaka mwisho, tukarudia mara nyingi, vichwa vyetu vimegusana kama tulipokuwa wadogo tukigombania kitabu kimoja.

"Haipo," mdogo wangu akasema. "Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake."

"Unakumbuka alisema nini?"

"Sikusikia kwa ajili ya mvua. Niliona tu anainuka, nikaiegemeza simu ikiendelea kurekodi, nikaingia ndani. Nilidhani amechoka kurekodiwa, na nakwambia ukweli, iliniuma kidogo. Nilikuwa naondoka kesho yake."

Mawe aliweka ungo chini. Akamgusa mwanawe bega, akauliza tunatafuta nini kwenye simu hiyo siku nzima. Nikamwinamia sikioni, nikamweleza kwa sauti kubwa kwamba sauti ya Tata imepotea, kompyuta imeila, tunataka kuirudisha.

"Nionyesheni."

Tukamwonyesha. Alitazama mara moja tu.

"Haijapotea," akasema. "Hakutoa sauti. Alikuwa anasema na mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya huyu." Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu. "Anasema: 'Sufuria inaungua. Kaa, usiinuke. Nitaiepua mimi.'"

Mdogo wangu alizima simu akaishika mikononi. Kisha Mawe, bila kuulizwa, akatueleza jambo ambalo watoto wake watano hatukulijua.

Masikio yake yalipoanza kufa, Tata naye alimpigia kelele kama wengine. Siku moja aliona kwamba kila anapopaza sauti, Mawe anafumba macho kama mtu anayeogopa kupigwa. Akamwambia kwamba tangu siku hiyo hatampigia kelele tena. Akawa anazunguka na kusimama mbele yake, anasubiri atazamwe, ndipo anasema polepole, kwa midomo peke yake. Mwanzoni hawakuelewana, wakacheka sana, Mawe akaleta chumvi alipoombwa maji. Baada ya mwaka mmoja waliweza kuzungumza jioni nzima bila sauti.

"Jirani alidhani tumenuniana," Mawe akasema. "Alimwita mchungaji aje atupatanishe, kwa kuwa nyumbani kwetu kulikuwa hakusikiki mtu. Mchungaji akafika, akatukuta tunacheka."

"Kwa nini hamkutuambia?" mdogo wangu akauliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijipanga mbele yake, uso kwa uso, ili aonekane.

Mawe akafikiri. "Mlikuwa mkija mna haraka," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alilisema kama anavyosema mvua imenyesha.

Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi nililiacha daftari la majaribio na kuitengeneza ile sehemu upya. Niliondoa wimbo wa kwaya, nikaiacha mvua, na sikukata tena Tata alipoinuka. Kipande kiliendelea na benchi tupu, mpaka Tata anarudi kwenye mvua ameshika sufuria kwa jani la mgomba ili asiungue, anaiinua kidogo kuelekea mahali ambapo Mawe alikuwa ameketi, kama mtu anayeonyesha samaki aliyevua. Sehemu hiyo ilikuwepo kwenye simu miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitupa kwa sababu niliona haina kitu.

Nilimuuliza Mawe kama niandike yale maneno chini ya picha au niyaache kuwa yake. Nilitarajia angesema niyaache.

"Andika," akasema. "Wajukuu wajue mwanamume aliweza kuepua sufuria."

Jumamosi, baada ya ibada na chakula, sebule ya Maruku ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Video ilikwenda tangu mwanzo hadi mwisho bila kijani, midomo na sauti vikiwa pamoja. Kipande cha mvua kilipofika, watu walisoma maneno, na Tata aliporudi na sufuria kicheko kikatoka taratibu kuanzia kwa wanawake waliokaa kwenye mikeka. Kaka yake Tata, mzee ambaye hakuwahi kumsifu mtu mbele yangu, alisema tu, "Wabeija waitu," asante, kama vile sufuria imeletwa kwake. Mawe hakusoma maneno. Alikuwa akitazama midomo, na midomo yake mwenyewe ilikuwa ikicheza.

Jumapili wageni walikuwa wameondoka, na mdogo wangu alikwisha kurudi kisiwani. Nilikaa na Mawe jikoni tukimenya ndizi. Nilitaka kumuuliza kama amechoka. Nikaacha kisu, nikazunguka nikachuchumaa mbele yake, nikasubiri aniangalie. Kisha nikamuuliza bila sauti.

Alinitazama mdomo kwa makini, akakunja uso.

"Sijui umesema nini," akasema. "Midomo yako ni mivivu. Unaongea kama uko darasani umewapa wanafunzi mgongo. Fungua. Rudia."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena, polepole, kila silabi peke yake. Mara ya nne alitabasamu, akachukua ndizi nyingine.

"Hapana," akanijibu, naye bila sauti, akinisubiri nielewe. "Sijachoka. Uliza kingine."