Dubu Mmoja, Vichupa Thelathini na Tisa

Barua ya maabara ilisema dubu jike mmoja alijisaidia mara thelathini na tisa, kwenye mabonde saba, asubuhi moja, kabla ya saa nne.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaenda nayo kikaoni.

Mimi ni Ingegerd, katibu wa wawindaji wa kijiji chetu, huku kaskazini mwa Uswidi. Kila msimu tunapewa vichupa. Ukikuta kinyesi cha dubu, unachota kidogo, unaandika mahali, unatuma. Maabara wanasoma vinasaba, wanajua dubu wako wangapi.

Wakiwa wengi, tunaruhusiwa kuua kadhaa. Wakiwa wachache, bunduki zinapumzika.

Halvar, mwenyekiti wetu, alitaka ngozi ya dubu ukutani kabla hajafikisha sabini.

Mimi nilitaka yule jike anayekula matunda nyuma ya kibanda chetu aishi. Kwa miaka minne sijaona dubu mwingine.

Asubuhi hiyo ya kuchota, lundo lake lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye birika letu la kahawa. Wanaume kumi na watatu wakalizunguka na vijiko, kila mmoja na vichupa vitatu.

"Jamani, huyo ni dubu mmoja!"

"Dada, wewe andika muhtasari," Halvar akanikata. "Maabara wanahesabu vichupa."

"Mimi naandika Bonde la Juu," akasema Torkel.

"Bonde la Juu nimeshachukua! Tafuta lako!" mwingine akadakia.

Kahawa haijachemka, dubu wameshaenea wilaya nzima.

Halvar akaongeza kichupa chake peke yake. Eti amechota kando ya ziwa, kinyesi cha dume kubwa kama trekta.

Sasa kikaoni nikasoma kwa sauti. "Vichupa thelathini na tisa, jike mmoja. Ruhusa ya kuua mwaka huu: hakuna."



"Na dume langu?" Halvar akauliza.

"Mbwa."

Chini ya meza, mbwa wake Raija akainua kichwa. Torkel akacheka hadi kahawa ikamtokea puani.

"Ulijua watatuumbua!" Halvar akafoka. "Ukatuma hivyohivyo!"

Nilijua. Tena ndani ya kisanduku nilitia karatasi: *Vyote thelathini na tisa vimechotwa hatua kumi kutoka kwenye birika letu. Cha mwenyekiti sijui.*

Funzo? Ukitaka kudanganya, usimdanganye anayejua ukoo wa mtu kwa kuangalia mavi.

Wananitaka niombe radhi mbele ya kikundi.

Jana nimemwona yule jike. Ana watoto wawili.

Siombi.