Dole Gumba la Wiebren

Nikisikia mfuniko wa bati la biskuti ukifungwa, hadi leo namkumbuka Wiebren Tolsma, fundi wa maabara yetu pale Leiden. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa kahawa, alipitisha bati, kila mtu akachukua biskuti moja, kisha akalifunga. Ya pili haikuombwa, na kwa Wiebren desturi ilikuwa sheria.

Mwaka ule alikuwa anastaafu, na alitaka jambo moja tu: kuona atomi za hidrojeni zikiungana ndani ya tangi la chuma alilolijenga kwa miaka minne. Mimi nilikuwa mwanafunzi, najitia mjuaji, lakini yeye ndiye aliyenielewesha. Katika mawingu mepesi yaliyo kati ya nyota, alisema, atomi mbili zikikutana peupe hazishikani, maana nguvu ya kukutana kwao haina pa kwenda na huzitenganisha papo hapo. Zikitua kwenye punje ya vumbi baridi, hutambaa mpaka zikutane, vumbi likapokea joto lile, nazo zikaruka zimeshaungana.

"Ni kama watu wa hapa, binti," akasema. "Barabarani wanapishana tu. Waketishe kwenye meza ya kahawa uone."

Vumbi letu tulilipaka juu ya kibao cha shaba mle ndani ya tangi. Tangi lilitakiwa kuwa tupu kabisa, kwa hiyo tulilipasha moto siku nyingi huku pampu zikivuta, na ndani hapakuguswa bila glavu. Mvuke wa mafuta ya kidole kimoja ulitosha kuharibu kazi yote.

Siku kumi kabla ya Wiebren kuondoka, tangi likakataa kuwa tupu. Profesa Aleida, mkuu wetu, akanitazama mimi, maana mgeni wa kazi nilikuwa mimi. Nilikana, sikusadikiwa. Nilikwenda kulia chooni, wala sioni haya kusema.

Siku ya pili Wiebren alilifungua. Aliinamia mle ndani, na hakuna mwingine aliyechungulia. Angeweza kupangusa akanyamaza. Kulisafisha na kulipasha upya kulitaka wiki mbili na zaidi, naye alibakiwa na siku tisa.

Saa nne alipitisha bati, akalifunga, akainua dole gumba lake lenye kovu.

"Alama iko kwenye shaba, na kovu hili limo," akasema. "Vidole vyangu havisikii tena skrubu ndogo, nikavua glavu. Binti hana kosa."

Aleida aliniomba radhi mbele ya wote, kisha akamwambia Wiebren taratibu kwamba hatayaona matokeo.

"Siku najua kuzihesabu, Aleida."

Akaondoka Ijumaa, keki ya kuagana kainunua mwenyewe, ndiyo ada ya kule. Nilibaki na glavu zake, na chumba kikawa kikubwa mno.

Wiki mbili baadaye mstari wa kuhesabu atomi zilizoungana ulipanda kwenye skrini. Nilimpigia simu kabla sijamwambia Aleida. Alikuja kwa baiskeli, mvua imemlowesha hadi magotini, akasimama mbele ya ule mstari.

"Ndizo zenyewe?"

"Ndizo. Zinatoka mbili mbili."

Akaketi kwenye kiti chake cha zamani, akavuta pumzi. Nikapitisha bati. Alichukua moja, na kwa mazoea akanyoosha mkono alifunge. Nikalishikilia wazi.

"Chukua nyingine, Wiebren."

Alinitazama kana kwamba nimeshika shaba kwa mkono mtupu. Kisha akachukua.