Kikapu Kitupu cha Mama

Mdogo wangu wa kike aliniomba kikapu cha mama akiweke kwenye maonyesho ya sanaa huko Gitega. Ndicho tulichorudi nacho Muyinga kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi nikiwa mkubwa wa yatima wanne. Niliachia shule darasa la tano, nikajifunza kusuka vikapu vya kuuza kwa kukitazama hicho: mfuniko mrefu wenye ncha, mistari myeusi inayopanda kama ngazi. Nilimpa, ila moyo haukutulia. Siku ya ufunguzi nami nikapanda basi.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Musinzira. Nilikikuta peke yake juu ya meza nyeupe, mfuniko pembeni, ndani hamna kitu. Niliona aibu. Kwetu hupeleki kikapu kitupu kwa watu, wala hukirudishi kitupu. Nilikuwa nimembebea mdogo wangu maharage. Nikayamimina humo mpaka kikajaa pomoni, nikajiona nimemsitiri.

Alipoingia na wageni, alisimama ghafla. Kiongozi mmoja wa mkoa alikwisha kuinama, akachota maharage kiganjani, akamsifu msanii aliyeonyesha jinsi waliorudi nchini walivyoshiba. Wapiga picha wakasogea. Mdogo wangu alinitazama mimi tu, kama siku ile ya msiba wa mama kambini, alipouliza sasa nani atamsuka nywele.

Akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huo utupu ndio kazi yenyewe. Juma zima nimewabembeleza wakiache hivyo."

Kumbe waandaaji walihofia watu wangekiona kama malalamiko ya njaa. Maharage yangu yaliwaondolea hofu. Ningenyamaza, sifa zote zingekuwa zake.

Nilivua kitenge cha mabegani, nikakitandika sakafuni, nikamwaga maharage yote. Kiongozi akauliza, bila ukali, "Mama, mbona unatunyang'anya chakula?" Watu wakacheka.

"Maharage ni yangu, mheshimiwa, nilikosea mimi. Kikapu ni cha mama yetu. Tulirudi nacho, yeye hatukurudi naye."

Kiongozi alikitazama kikapu, akainama, akarudisha kwenye kitenge changu punje zilizobaki kiganjani mwake, akapita. Hakuna aliyekigusa tena mpaka maonyesho yalipokwisha.

Maharage tuliyapika chumbani kwake. Yalichelewa kuiva. Tukiyasubiri, alikaa chini kati ya magoti yangu, nikamsuka nywele.