Karatasi ya Mahudhurio

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Temeke, nilijiona nimebakiza urais tu. Taasisi moja ya Mikocheni ikanipa kazi ya kuunganisha watetezi wa wakulima wa vijiji vya kusini, ili kanuni mpya ya mbegu isipite bila wao kusikilizwa. Kutwa nilikuwaga kwenye simu. Kule hata mbuzi walishaizoea sauti yangu.

Mtetezi niliyemtegemea zaidi alikuwa mama mmoja mjane, aliyeuza gulioni mbegu ya mpunga aliyoachiwa na bibi yake. Kanuni ikipita, mbegu isiyo na cheti isingeuzwa tena. Kijiji kizima kilipanda mbegu hiyo, kikamtuma aje mjini, kwenye kikao cha maoni cha wizara, kuikataa kanuni.

Alifikia kwetu, mama yangu akampisha kitanda. Ukumbini, kabla hata chai haijamiminwa, karatasi ikazungushwa. Akaishika kwa muda, akataka kujua anasaini nini wakati hajasema neno. Nikacheka. Sie watu wa semina tungeletewa hata hati ya kujinyonga, tungesaini na namba ya simu tukaweka.

"Saini tu, mama. Ni ya mahudhurio."

Akaandika jina herufi moja moja. Kisha akasubiri zamu yake mpaka wali ukaletwa. Mwenyekiti akasema muda umetutupa mkono, waliobaki watume maoni kwa maandishi. Nikamwandikia mama yule maoni yake, kurasa sita za kutetemesha milima. Hazikujibiwa.

Kanuni ikapita. Nyuma ya ripoti ya kikao, watu wa wizara wakabandika karatasi ile ile, juu yake wameandika: wadau walioshirikishwa na kuafiki. Jina la mama yule lilikuwa la tatu kwenye orodha.

Ripoti ikafika kijijini, wakaitana mkutanoni. Akanipigia kutoka hapo hapo, simu kaiweka sauti ya nje.

"Mwanangu, waambie hawa kwamba sikukubali."

Nikaeleza kuliko wakili: kikao, mwenyekiti, kurasa zangu sita. Mzee mmoja akaniacha nimalize.

"Saini ni yake?"

"Shikamoo, mzee. Ni yake, lakini..."

"Nani alimwambia asaini?"

"Mie."

Hakuna aliyenitukana; wangenitukana ningeshukuru. Nilimsikia mama yule akisimama kuwaomba radhi watu wake, mmoja mmoja kwa jina, kwa kosa langu mie.