Pindo Jeupe

Kule Tezo mimi nilifundisha mbwa wa ulinzi, na mwenzangu ndiye aliyekuwa mwizi. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mswalihina wa visiwa vya kaskazini, na kila siku alivaa ovaroli na kinga nene ya mkono ili mbwa wamrukie. Kazi ikiisha alijitwaharisha kwa maji na mchanga kwa sababu ya mate ya mbwa, ndipo akaenda kuswali. Mimi mtu wa bara nilimtania kwamba ataumaliza mchanga wote wa Kilifi.

Mbwa ana silika mbili. Kinachomkimbia hukiwinda, na kwake huo ni mchezo. Anayemkabili na kumkazia macho humuuma kwa kujihami, na hapo taya haziachii. Sisi tulianza na mchezo: kipande cha gunia jeupe la sukari, nimekifunga kambani, nakikokota, mbwa anakirukia.

Ijumaa moja mwenzangu, siku yake ya mapumziko, alipita kuchukua simu aliyoisahau. Nilikuwa uwanjani na dume letu kali kuliko wote. Akaingia langoni na kanzu nyeupe, ametoka msikitini. Alipomwona mbwa akafanya kama wafanyavyo wenye udhu: akainua pindo la kanzu lisiguswe. Upepo ukalipeperusha.

Mbwa akachomoka. Mkanda wa shingoni ukakatika, nikabaki na kamba mkononi. Nilimwita, hakusikia.

"Kaka, usikimbie! Usimtazame!"

Aliyajua hayo kuliko mimi. Alisimama, macho chini, lakini pindo liliendelea kupepea, na mbwa alilitaka pindo. Kinga ilikuwa stoo.

Nikavua leso kiunoni, nikapiga mluzi wetu wa mchezo, nikampa mbwa mgongo na kukimbia, leso ikipepea nyuma yangu. Miaka yote nilikuwa mshika kamba, sikuwahi kukimbizwa. Nikasikia kucha mchangani, zikigeuka, zikija. Nilitamani kutazama nyuma, na nilijua nikimkabili tu nimekwisha.

Kishindo kikaniangusha. Meno yalishika leso, na paja kidogo.

Mwenzangu akaja taratibu, akamkamata mbwa shingoni kwa mikono mitupu, mate yakitiririka kwenye kanzu yake ya Ijumaa. "Achia, baba. Achia." Mbwa akaachia.

"Dada, umeumia?"

Nilikuwa nalia. Alasiri ile, nikichechemea, mimi ndiye niliyemchotea maji, na mchanga nikamletea kwa mikono yangu.