Makopo Yaliyorudi Yamejaa

Wanaume wengine wa rika langu walipenda ng'ombe, wengine baiskeli, na mjomba wangu mmoja alipenda kesi. Mimi nilipenda makopo na chupa. Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Nshamba, na sikuweza kupita dukani bila kurefusha shingo nione nyuma ya kaunta kumetupwa nini. Kopo la chai lenye picha ya tembo, kopo la biskuti lenye picha ya mfalme, chupa ya dawa ya rangi ya samawati, kibati cha sigara ambacho ukikifunga kinalia vizuri, vyote nilivibeba. Mwenye duka mwishowe alikuwa ananiwekea pembeni bila kuulizwa. Wakati wa likizo nilikwenda Bukoba mjini, na watu waliodhani nimefuata sukari walishangaa kuniona nikishuka kwenye lori na gunia linalogongana.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu: cha kulala, cha kukaa, na cha makopo. Mke wangu alikuwa amekata tamaa na hicho cha tatu.

"Akiba haiozi," nilimwambia.

"Haiozi, waitu, lakini inashika kutu," alijibu kwa lile neno letu la heshima, akaendelea kumenya ndizi.

Mambo yangeendelea hivyo kama mama yangu asingeanguka. Alikuwa anaishi Kaagya, peke yake kwenye kibanja, shamba letu la migomba, tangu baba alipofariki. Masika yale aliteleza akitoka kuteka maji, nyonga ikaumia. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa mlangoni, moto umezimika, anasubiri jirani apite amwombe maji ya kunywa. Niliogopa, nasema kweli. Niliona wazi kwamba nikimwacha pale, safari yangu nyingine itakuwa ya kuzika.

Nilimsihi aje kwangu. Alikataa. Kaburi la baba lilikuwa palepale migombani, na mama alinitazama kama mtu anayetaka kumwibia. "Nikiondoka nani ataamka naye?" aliniuliza. Ndugu wa baba waliahidi kuangalia kibanja, wakaniunga mkono, na mwisho akalegea kidogo, kidogo tu.

"Nitakuja kuonja," alisema. "Lakini nimekiona kile chumba chako, tata." Ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, hata wakiwakaripia. "Nyumba isiyo na mahali pa kutandika nyasi si nyumba, ni duka. Mimi silali dukani. Nikikuta makopo, unanirudisha kesho yake."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni, nene, mguu uzame. Huwezi kutandika nyasi juu ya makopo. Nilirudi Nshamba nikijua kwamba kati ya mama yangu na mimi palikuwa na lile rundo, na hakuna mwingine wa kuliondoa.

Mke wangu alinipa rafu moja, ile ya juu ya mlango. Kitakachoenea pale kitabaki, alisema, na kisichoenea kina safari. Siku ya kwanza nilifanya ujanja wa kitoto. Nilificha mengine uvunguni, mengine darini, mengine nyuma ya mafiga. Aliyarudisha yote. Siku iliyofuata nilikasirika, nikapanga na kupangua rafu ile mpaka nikaumwa mgongo. Unachaguaje kati ya kopo lenye tembo na kopo lenye mfalme? Mfalme alikuwa na kifuniko kizima. Tembo alikuwa wa kwanza kabisa, nilimpata nikiwa bado mwanafunzi. Mwishowe sikubakisha hata mmoja wao, maana niliona nikibakisha mmoja nitamlilia mwenzake. Rafu ikabaki na chupa chache za wino, na hizo hazikuniuma.

Kuyatupa shimoni nilishindwa. Kopo zima halitupwi, hata leo siwezi. Basi nikaamua kuyagawa kwa majirani. Jumamosi mke wangu alipokwenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, niliyasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, nikayapanga kwenye tenga, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kila mahali nilisema maneno yaleyale: "Nimewaletea hiki. Mama yangu anakuja kukaa nasi, ni mgonjwa."

Walipokea kwa mikono miwili. Walishukuru. Wote walichungulia ndani, nami nikafurahi kwamba wanaona nilivyosugua. Mama mmoja Mkatoliki anayekaa mlimani, mkulima wa kahawa, alichungulia kopo la tembo kwa muda mrefu, akanishika mkono. "Pole, mwalimu," alisema. "Tumeelewa." Nilidhani ananipa pole ya kuachana na hazina yangu, na nusura nitokwe na machozi. Nilijiambia kumbe huyu mama ana moyo wa mkusanyaji.

Niliporudi nilisimama katikati ya chumba kile. Kilikuwa na dirisha nililolisahau. Nilikohoa, na sauti ikanirudia kutoka ukutani. Nilitarajia huzuni, lakini nilijisikia kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi baada ya mwendo mrefu. Sikuwa najua kwamba yale makopo nilikuwa nimeyabeba.

Mke wangu aliingia, akazunguka chumba, akafurahi sana. Kisha akauliza, "Umeyapeleka yakiwa na nini ndani?"

"Hakuna kitu. Safi kabisa."

Alikaa chini. "Waitu," alisema polepole, "umewapelekea watu vyombo vitupu, ukawaambia una mgeni mgonjwa?"

Ndipo nilipopata jasho. Kwetu chombo hakitembei kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye kikapu, kikapu kinarudi na kitu, hata kama ni nyanya mshumaa mbili. Na ukipeleka chombo kitupu kwa mtu huku ukitaja mgeni, umeomba. Hakuna maana nyingine. Nilizaliwa katika desturi hiyo. Lakini sikuwahi kuyaona makopo yangu kuwa vyombo. Mimi nilikuwa nikigawa hazina, wao wamepokea ombi. Mwalimu mzima, mwenye mshahara, nimezunguka kijiji nikiomba chakula.

Nilitaka kurudi kila nyumba nieleze. "Utaeleza nini?" mke wangu aliuliza. "Kwamba ulikuwa unawatupia takataka zako?" Hapo alianza kucheka, nami sikumsamehe mpaka jioni.

Jumatatu nilimfuata mama. Vijana wa ukoo walimbeba kwa machela hadi barabarani, akapanda lori kiti cha mbele. Wakati huo mke wangu alikata nyasi na wenzake, wakatandika chumba kikapendeza. Ila alipomaliza kutandika, majirani walianza kufika. Kopo la tembo lilikuja na maharage mapya. Mfalme alikuja amejaa senene wakavu, wale panzi wa kuliwa, mpaka shingoni. Vibati vya sigara vilikuja na karanga, chupa za dawa zilikuja na samli, na chupa moja kubwa ilikuja na rubisi, pombe ya ndizi, ambayo katika nyumba ya Kilutheri ilibidi ipewe jina la dawa ya nyonga. Jikoni kulijaa, mezani kukajaa. Mke wangu hakuwa na pengine pa kuweka.

Kwa hiyo mama alipofika mlangoni kwa fimbo yake, alikuta nyasi mbichi, na juu ya nyasi, ukutani pote, makopo.

Mama aliyatazama bila kupepesa. Nilimwona akigeuza uso kuelekea barabarani, lori lilikuwa bado halijaondoka.

"Haya ni ya nani?" aliuliza.

Nilimweleza yote, nimesimama, kama mtoto aliyevunja mtungi. Nilipofika pale mama wa mlimani aliponipa pole, mama yangu alianza kutetemeka. Nilidhani ni nyonga. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika baba. Alishikilia fimbo kwa mikono miwili, akasema, "Wamekuelewa," akacheka tena, mpaka mke wangu akamshika asianguke.

Kisha alikaa kwenye nyasi, akavuta kopo la kwanza. "Hili limetoka kwa nani? Ana watoto? Anapenda nini?"

Ikawa ndiyo kazi yake. Alikuwa amebeba buni zake za kutafuna, zilizochemshwa kwa majani kama anavyojua mwenyewe. Kopo lililoliwa liliondoka na buni, au na unga, au na mbegu za maboga. Hakukubali lipelekwe tu. Alitaka mwenye kopo aje, akae, wazungumze. Chumba kikapungua makopo na kuongezeka wanawake. Nilipomuuliza juu ya kurudi Kaagya, alisema hawezi kuondoka kabla hajamjibu yule mama wa mlimani. Akamjibu. Yule naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, akaleta kingine. Sikuuliza tena.

Kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa nilipokwenda mjini Bukoba, nikaona dukani chupa ya kijani yenye kizibo cha kioo. Sijui nilipatwa na nini. Nyumbani mama alikuwa anaota jua uani, nikaingia chumbani kwake taratibu, nikaiweka kwenye pembe nyuma ya sanduku.

Hakukaa muda. Nilisikia fimbo ikija. Aliinama kwa shida, akaiweka chupa mbele ya miguu yangu.

"Tata," alisema, "hiki chumba kina mwenyewe."

Niliiokota, nikatoka nayo nje, nikasimama migombani nikishindwa kuona vizuri. Mke wangu alinikuta huko, akauliza kuna nini.

"Nimefukuzwa," nikamwambia. "Mama amesema chumba ni chake." Nikamkumbatia palepale, na chupa mkononi.